Hatua za Kwenye Kiti

Fundi hakuwa mwizi. Kwa miaka arobaini na mitatu aliyokaa nyuma ya cherehani, kila kipande cha kitambaa kilichobaki alikikunja akamrudishia mwenyewe, hata kama kilitosha kiraka tu, na wateja wake walilijua hilo. Ndiyo maana jambo hili lilipomfika lilimkuta hana mazoea. Mtu aliyezoea kudanganya hujua pa kuishia. Yeye hakujua.

Lilianzia kliniki. Kila Jumatano wazee wenye kisukari na presha walikutana katika chumba cha mwisho cha zahanati, wakapimwa, wakaonywa juu ya chumvi na sukari, wakarudi makwao kula vyote viwili. Muuguzi wao, binti mchangamfu aliyewaita wote "wazazi wangu," alichoshwa na mchezo huo akawaletea mwingine. Aliwaingiza wazee saba kwenye programu ya simu inayohesabu hatua. Ukifika hatua elfu tano, inakupa nyota. Ukimaliza siku saba bila kukosa, inakuwashia moto mdogo kando ya jina lako. Na anayewazidi wenzake kwa siku anavikwa taji la dhahabu, na simu yake inapiga makofi.

Makofi hayo ndiyo yaliyomponza Fundi. Alishona magauni ya harusi yasiyo na idadi, na kila mara ukumbini watu walimpigia makofi bibi harusi, wakati aliyeshona yuko nyumbani anafagia vipande vya uzi. Hakuwahi kulalamika, wala hakujua kwamba ana njaa ya kitu hicho.

Mwenye taji tangu mwanzo alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye watu wote walimwita Posta. Alikuwa amegawa barua kwa miguu miaka thelathini na mmoja, mvua na jua, na hata baada ya kustaafu alitembea kama mtu anayesubiriwa mahali. Mkewe alishafariki. Aliishi peke yake mtaa wa pili, na jioni alikuja kwa dada yake kula na kumtania shemeji yake. Utani wao ulikuwa wa tangu ujana. Posta alimuuliza Fundi kama bado ana miguu au alishaishonea kwenye kiti. Fundi alimjibu kwamba nusu ya barua zake zilifika baada ya mwandikaji na mwandikiwa kuoana na kuachana.

Sasa programu ikampa Posta silaha mpya.

"Hatua mia tisa kwa siku nzima, shemeji," alisema jioni moja, ameishika simu mbali na macho. "Hata jogoo wa jirani anakuzidi, na yeye amefungwa kamba."

Mkewe Fundi alicheka mpaka akaweka bakuli chini. Fundi naye alicheka, ila kicheko chake kiliishia menoni.

Kosa lenyewe lilimjia kama bahati. Alikuwa na oda ya sare za shule, na cherehani yake ni ile ya zamani ya kukanyaga kwa miguu. Simu iliyokuwa mezani ilitetemeka, ikamwaga pini zote sakafuni. Mfuko wa shati ulijaa chaki, wa suruali ulijaa futi na vifungo. Akaitumbukiza simu ndani ya soksi, akaendelea na kazi. Alasiri simu ikapiga makofi huko huko soksini. Aliitoa akasoma: hatua elfu kumi na nne na mia mbili. Mguu ulikanyaga, simu ikahesabu. Haikuwa na habari kwamba mwenye mguu amekaa.

Alicheka peke yake. Alikusudia kulitunza kama mzaha, aje amfumulie shemeji yake siku ya Jumatano mbele ya watu.

Jumatano alipoingia, kabla hajaketi, Posta alisimama. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akawageukia wenzao akasema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, na kwamba yeye amekubali. Wazee wakapiga makofi, ya mikono sasa, na muuguzi akapiga kwa nguvu kuliko wote. Fundi akauahirisha mzaha wake. Alijiambia atasema wakitoka nje. Wakatoka nje, na Posta akamuuliza, kwa heshima kabisa, huwa anapita njia gani.

"Huku nyuma nyuma," Fundi alisikia kinywa chake kikisema. "Kwenye nyumba mpya."

Wiki iliyofuata aliitia simu soksini kwa kusudi. Wiki ya tatu soksi ikaanza kulegea, naye, kwa kuwa ni fundi, alishona kimfuko cha kaki chenye lastiki na kifungo, cha kuvaa kwenye kifundo cha mguu. Alikishona vizuri kuliko ilivyohitajika, nyuzi zote zimefichwa kwa ndani. Alipomaliza alikitazama, akaona aibu. Halafu akakivaa.

Kila asubuhi alijiahidi kwamba ni leo tu. Lakini ule moto kando ya jina lake ulishafikisha siku kumi na tisa, na programu ilimwandikia asubuhi na jioni asiuache uzime. Mtu mzima, mwenye wajukuu, akawa anauonea huruma moto wa kuchora.

Posta naye hakukaa kimya. Alitembea asubuhi, akatoka tena saa sita jua likiwa utosini. Suruali zake, zote kazi ya Fundi, zikaanza kumpwaya. Alizileta zipunguzwe kiuno, na baada ya wiki tatu akazileta tena. Fundi alipozungusha futi kwenye kiuno cha shemeji yake, mkono ulimwia mzito. Aliona pia kwamba pindo la mguu wa kushoto limesagika upande mmoja, kama la mtu anayeburuta mguu. Mshonaji humsoma mtu kwa pindo lake, na Fundi alilisoma lile vizuri kabisa. Akaweka pindo jipya, akanyamaza.

"Kaka yangu anajiua na jua," mkewe alimwambia. "Zungumza naye, baba watoto. Wewe ndiye unayemkimbiza."

"Ni mzaha wa wazee tu."

"Mzaha mzaha hutumbuka usaha," alisema mkewe, akaondoa sahani.

Neno hilo lilimchoma. Kesho yake aliamua kwamba simu itakaa mezani, Posta atashinda, na jambo litakwisha bila mtu kuaibika, yeye hasa. Alikitia kimfuko ndani ya droo ya vifungo. Hadi saa tisa alasiri alikuwa na hatua mia sita, na Posta ana elfu kumi na moja, naye akajisikia mwepesi kama mtu aliyetua gunia. Hapo simu ikalia. Ujumbe ulitoka kwa Posta: "Vipi shemeji, magoti yamesalimu amri? Nilijua tu. Mtu wa kiti hurudi kitini."

Haikuwa kitu. Walishaambiana makubwa kuliko hayo wakashibia sahani moja. Lakini Fundi alifungua droo.

Siku hiyo hapakuwa na kazi, nguo zote zilishapigwa pasi. Alichomoa uzi kwenye sindano, akakaa, akaanza kukanyaga. Cherehani ikaenda bila kitambaa, sindano ikipanda na kushuka, ikitoboa hewa. Mkewe alichungulia mlangoni akauliza anashona nini. Akamjibu kwamba ameitia mafuta, anaijaribu. Akaendelea kuijaribu kwa saa mbili, jasho likimdondoka kidevuni. Alipofika elfu kumi na tano, Posta akawa na kumi na sita. Fundi akaongeza, Posta akaongeza. Mahali fulani mtaani, mzee mwenye kisukari alikuwa anatembea kwa miguu yake kukimbilia namba iliyokuwa inatengenezwa hapa, kwenye kiti, na Fundi alilijua hilo kila alipokanyaga. Walipovuka elfu ishirini mkanda wa cherehani ukakatika. Posta hakuongeza tena. Taji lilibaki kwa Fundi, kwa hatua arobaini.

Kesho yake Posta hakuja kula. Siku ya pili pia hakuja. Dada yake alikwenda kumwangalia, akamkuta kitandani amejifunika blanketi, anasema ni uchovu tu. Alipolivuta blanketi, harufu ilimtangulia. Lengelenge la wiki nzima chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto lilikuwa limepasuka na kuoza. Kisukari kilishaua maumivu ya mguu huo zamani. Posta alipoiona damu kwenye soksi, aliifua soksi akavaa nyingine. Siku hiyo hiyo alifikishwa hospitali, na vidole viwili vikakatwa. Daktari alisema wangechelewa siku tatu zaidi wangekuwa wanazungumzia mguu.

Fundi alichukua siku nne kwenda kumwona. Kila siku alikuwa na udhuru, na kila udhuru mkewe aliupokea bila kuuliza, jambo lililokuwa zito kuliko kuulizwa.

Alimkuta Posta mguu ukiwa juu ya mto, umefungwa bandeji hadi kwenye kifundo.

"Bingwa huyo," alisema Posta. "Kaa basi. Au siku hizi kiti kinakuwasha?"

Fundi alikaa. Njia nzima alikuja amepanga maneno, yamekunjwa kama shati la dukani, na sasa yote yakakunjuka. Alitia mkono mfukoni, akatoa kimfuko cha kaki akakiweka juu ya shuka.

"Nini hiki?"

"Ndizo hatua zangu, shemeji."

Akamweleza: sare za shule, soksi, kifundo, cherehani. Alimweleza hata ile alasiri ya kushona hewa, ambayo angeweza kuificha, maana aliona akiificha hiyo atakuwa hajasema lolote. Muda wote aliikazia macho bandeji.

Posta alikichukua kimfuko. Alikigeuza nje ndani, akavuta lastiki, akafungua kifungo, akakifunga tena. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikohoa, akatulia.

"Umekishona vizuri," alisema.

"Nisamehe."

"Dada yangu anajua?"

"Bado. Nitamwambia leo. Na Jumatano nitasimama mbele ya wote niseme."

"Hutasema. Kwake wala kwao."

Fundi alidhani hakusikia sawasawa.

"Miguu hii imenilisha miaka thelathini na mmoja," alisema Posta, bila kupandisha sauti. "Kushindwa na mtu aliyetembea, hilo nitalibeba. Lakini watu wakijua nimepoteza vidole nikimfukuza mtu aliyekaa kwenye kiti, kicheko chao kitanifuata mpaka kaburini. Vidole umeshachukua. Usiniongezee na kicheko."

"Basi nifanye nini?"

"Sijui, Fundi."

Katika miaka yote ya ndoa ile Posta hakuwahi kumwita hivyo. Alimwita shemeji, mtu wa kiti, mzigo wa dada yangu. Fundi lilikuwa jina la wateja. Alipotoka wodini kimfuko kilibaki mkononi mwa Posta, naye hakuthubutu kukiomba.

Jumatano muuguzi alitangaza mshindi wa mwezi. Kiti kimoja kilikuwa kitupu. Alimkabidhi Fundi kikombe cha bati kilichochorwa taji, akamwomba awape wenzake siri ya mafanikio yake. Fundi alisimama. Wazee watano walimtazama, na mmoja wao, mwalimu mstaafu, alishafungua daftari, kalamu tayari. Angesema, angepumua. Ila pumzi hiyo haikuwa yake tena, alishaikabidhi kwa Posta kule hospitali.

"Ni kutembea tu," alisema.

Wakampigia makofi. Aliyasikia yote, hadi la mwisho.

Alipotoka hapo hakwenda nyumbani. Aliweka simu kwenye mfuko wa shati, akaifuata njia ambayo Posta aliipita akigawa barua, njia aliyoijua kwa masimulizi ya mezani: kuanzia jengo la posta ya zamani, kupita geti la kijani lenye mbwa, hadi kwenye ngazi ndefu za mawe ambazo Posta alijisifu kwamba alizipanda mara mbili kila asubuhi na mfuko begani. Katikati ya ngazi magoti yalikataa. Alikaa kwenye kizingiti cha duka lililofungwa, akitweta, akaitoa simu. Hatua elfu tatu mia tisa na sita. Ule moto kando ya jina lake ulikuwa umezima.

Simu ikatetemeka mkononi. Kumbe Posta kule kitandani alikuwa ameifungua programu. Ujumbe ulikuwa mfupi, hauna shemeji wala Fundi: "Hiyo ni robo ya asubuhi yangu."

Aliusoma mara tatu. Aliugeuza kama anavyogeuza nguo kutafuta mshono, aone kama kuna utani ndani yake. Hakuuona, wala hakuweza kuapa kwamba haumo. Alirudisha simu mfukoni, akashika ukuta, akainuka. Ngazi zilizobaki alizipanda akizihesabu mwenyewe kwa sauti, moja moja.