Kilima cha Msambaza Mikate

Msambaza mikate hakuwa na kocha, hakuwa na viatu vya mbio, hakuwa na baiskeli zaidi ya ile iliyobeba makreti ya mikate kila asubuhi, na hakuwa na kilima. Mambo matatu ya kwanza alikwisha kuyazoea. La nne lilimnyima raha, kwa sababu mashindano aliyoyataka yalikuwa ya milimani, na jiji lake lilikuwa bapa kiasi kwamba maji yakimwagika hayakujua yaelekee wapi.

Akimaliza kugawa mikate alifunga tairi bovu nyuma ya baiskeli kwa kamba ili liburuzike, akampakia shangazi yake kwenye keria, akabana breki nusu, kisha akakanyaga kutoka barabara kuu mpaka nyumbani kwao, mwisho wa mtaa. Mikokoteni na wapita njia walimpisha. Shangazi alipakata saa ya ukutani na kutangaza dakika.

"Mbona leo unajikokota? Au mimi nimenenepa?"

"Hujanenepa, shangazi. Ni mlima."

"Mlima wenyewe uko wapi?"

"Si huu tunaoupanda?"

Alitania tu, lakini baada ya miezi minne mtaa nao ulikubali. Ulianza kuinuka upande wa nyumbani kwao, vidole vitatu kwa siku. Kinyozi aliweka matofali chini ya miguu miwili ya kiti chake na kuendelea kunyoa. Muuza nyanya alizifunika nyanya zake kwa wavu, baada ya mbili kumtoroka hadi barabara kuu. Watu walijifunza kulala vichwa vikiwa upande wa juu.

Mwezi wa sita wa mazoezi ukungu ulianza kutua mchana kwenye kamba za nguo. Mashati yalining'inia humo siku nzima bila kukauka, na kelele za jiji zikabaki huko chini, kama redio iliyosahauliwa chumba cha pili. Msambaza mikate alifungua tairi, akaachia breki, akamteremsha shangazi. Alipanda peke yake mara kumi kwa siku. Wakati mwingine, katikati ya ukungu, hakujua kama ni yeye anayepanda au ni kilima kinachopita taratibu chini ya magurudumu yake.

Ndipo akaandika maombi kwa chama cha baiskeli. Nafasi zilikuwa sita. Mwakani angekuwa amepita umri unaoruhusiwa, kwa hiyo ilikuwa mwaka huu au basi.

Chama kilimtuma mkaguzi, naye alikuja kwa baiskeli yake. Alikanyaga mpaka kwa muuza nyanya, akashuka, akaanza kusukuma. Alipumzika mara tatu. Alipofika juu shati lilikuwa limemganda mgongoni, na shangazi akampa kiti.

"Pole na mlima, baba."

"Asante, mama. Huu ni mkali."

"Mwenzio anaupanda mara kumi kabla hajala mchana."

"Nimemwona. Amenipita mara mbili, na mara zote amenisalimia."

Mkaguzi aliweka mkoba wake sakafuni. Mkoba uliteleza, kama ilivyokuwa kawaida ya mizigo ya wageni, ukagonga mlango na kufunguka. Shangazi aliziokota karatasi moja moja. Ya mwisho aliisoma. Ilikuwa na majina sita, yote ya klabu moja ya mji wa milimani, na mhuri wa wiki mbili zilizopita.

"Timu mmeshaichagua, baba."

"Ndio utaratibu, mama. Majina hutangulia, ukaguzi hufuata."

"Sasa wewe umekuja kukagua nini?"

"Kilima."

"Na umekiona?"

"Magoti yangu yamekiona." Alikunjua ramani ya jiji juu ya mapaja. "Lakini ramani haina kilima, na fomu inafuata ramani."

Msambaza mikate alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye usukani. "Andika basi ulivyopanda."

"Hapana nafasi ya hilo, binti yangu."

"Mwakani nitakuwa nimepita umri."

"Najua. Hilo lina nafasi yake, nimelijaza."

Alisema kwa upole, kama daktari. Kisha aliandika, akiwasomea kila neno ili asije akaambiwa amewaficha: jiji ni tambarare, na mwombaji hana mahali pa kufanyia mazoezi ya kupanda. Alitia sahihi, akaikunja fomu, akaiingiza kwenye bahasha. Alipoilamba ili aifunge, gundi haikushika. Ulimi wake ulikuwa umekauka kwa kupanda. Alijaribu tena, kisha akaomba maji.

Msambaza mikate alimletea glasi iliyojaa nusu, kwa kuwa huko juu hakuna aliyejaza glasi. Mkaguzi alikunywa, akalowesha kidole kwa matone yaliyobaki, akakipitisha kwenye gundi na kuikandamiza bahasha juu ya goti mpaka ikashika. Alishukuru, akapanda baiskeli, akateremka ndani ya ukungu. Hakukanyaga pedali hata mara moja mpaka barabara kuu, kwenye sanduku la posta, ambako aliitumbukiza barua.