Jina Jingine la Baba Hansa

Bulakidas aliendesha basi katika barabara za jangwani tangu nywele zake zikiwa nyeusi ti mpaka zikawa nyeupe, na kwa muda wote huo mkewe, Sugni, hakuwahi kufika mbali kupita Nokha, na huko alikwenda kwa harusi tu. Ngome zote za nchi ile alizijua kwa masikio. Mumewe akirudi nyumbani Bikaner, akishavua viatu na kunywa maji, Sugni humvamia kwa maswali.

"Ngome ya Nagaur ikoje kwa ndani?"

"Ina ukuta."

"Na ya Pokaran?"

"Nayo ina ukuta. Mwekundu."

Basi, mazungumzo yameisha. Bulakidas alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabika. Kwao walikuwa Mabrahmini, baba yake kuhani wa hekalu la mtaa, na kaka yake mkubwa, Narsingdas, aliurithi ukuhani huo pamoja na ukali wake. Yeye alirithi ukimya. Sugni alikuwa kinyume chake. Akimwona mbuzi wa jirani amefungwa kamba mpya, halali mpaka ajue kamba imetoka wapi.

Bulakidas alipostaafu, binti yao Hansa alikuja na funguo za gari la mumewe, akaziweka mkononi mwa baba yake. "Bapu, mpeleke mama akazione hizo kuta zako. Ukikataa nitampeleka mimi, na unajua ninavyoendesha."

Ulikuwa Bhadon, mwezi wa mvua. Mvua ilikuwa imenyesha, mchanga umeota majani, na barabara zilijaa mahujaji waliokuwa wakienda Ramdevra kwa sikukuu ya mtakatifu Baba Ramdev, wengi wao kwa miguu, wamebeba bendera na farasi wa kitambaa wa kumtolea. Sugni alifungasha mikate ya uwele na achari ya pilipili, akaketi mbele kando ya mumewe, akashusha kioo mpaka chini kabisa.

Walianzia Deshnoke, kwenye hekalu la panya. Sugni alivua viatu mlangoni akaingia akiburuta nyayo ili asimkanyage mtu, maana pale panya nao ni watu. Walikuwa kila mahali: wanapanda milango ya fedha, wanalala kwenye vyuma vya madirisha, wanazunguka sinia la maziwa mithili ya wageni wa karamu. Mmoja alimkatiza mguuni, mkia ukamtekenya kidole, naye akapiga kelele na kucheka papo hapo.

"Baba Hansa! Umeona? Amenipitia!"

"Nimeona."

"Ni baraka!"

"Ndiyo."

Walipokuwa wakitoka, mwuza peremende aliyekaa langoni aliinua mkono. "Ram Ram, Kurja! Mwaka huu umechelewa bwana!"

Bulakidas aliinua mkono pia, akaharakisha hatua.

Sugni alisubiri mpaka milango ya gari ikafungwa. "Amekuitaje yule?"

"Amenifananisha."

"Amekufananisha na ndege?" Kurja ni korongo wale wanaotoka nchi za baridi kila mwaka, wakatua Khichan, wakala nafaka za watu, kisha wakaenda zao. "Mtu mzima na mvi zako, anakufananisha na korongo?"

"Watu wana mambo mengi," alisema Bulakidas, akawasha gari.

Nagaur walifika jua likiwa kali. Safari hii Sugni aliuona ukuta kwa macho yake, akaupita, akakuta ndani ulimwengu mwingine. Kulikuwa na mifereji iliyochongwa kwenye sakafu ili maji yapite vyumbani na kuupoza upepo, na kutani wanawake waliochorwa kwa rangi wakicheza, wengine nyuso zimefutika na miaka lakini miguu bado hewani. Alizunguka chumba hadi chumba akimchosha mlinzi. Maji yalipandishwa na nini? Malkia walilala wapi? Huyu mwenye ngoma amenunishwa na nani? Mlinzi mwishowe alimwomba akae apumzike, lakini ni yeye mlinzi aliyekaa.

Ndipo Sugni aliposikia mtu anaimba.

Sauti ilitoka kwenye chumba cha kuogea, chenye dari ya kuba. Haikuwa ya juu, mtu alikuwa anajiimbia mwenyewe, lakini kuba lile liliishika na kuizungusha hata ikawa inakuja kutoka pande zote. Sugni alisimama, kitambaa cha kichwa kimemwangukia begani bila habari. Kisha akatembea kwa kunyata mpaka mlangoni. Ndani hapakuwa na mtu ila mumewe, amegeukia ukuta.

"Nani alikuwa anaimba humu?"

Bulakidas aliangalia dari. "Upepo."

"Upepo una maneno?"

"Ngome za zamani hizi," alisema, akatoka nje.

Tangu hapo Sugni aliacha kuuliza, na waliomjua wangeogopa. Akitaka kujua jambo kwa dhati, hunyamaza. Walipofika Osian alipanda ngazi za hekalu la Mama Sachiya bila kuuliza zimejengwa na nani. Alimwinamia mungu mke, akamwambia kimoyomoyo: Mimi si mwenye wivu, wewe unanijua. Lakini huyu mtu nimemfulia mashati miaka yote hii. Nina haki ya kujua anaitwa nani.

Karibu na Phalodi walisimama kwenye banda la chai. Mwenye banda, Tejaram, mzee wa kilemba kikubwa kuliko kichwa, alileta vikombe kabla hawajaagiza.

"Yenye tangawizi, bila sukari," alisema, akamwekea Bulakidas mbele yake. Kisha akajisahau, au hakujua aliyeketi pale ni nani. "Gavri amepita asubuhi na wenzake. Amekuulizia. Anasema usipofika mwaka huu anakuja Bikaner kukuvuta kwa masharubu."

Bulakidas alikunywa chai ya moto kwa mkupuo mmoja. Ilimuunguza, machozi yakamlenga.

Sugni aliweka kikombe chake chini taratibu. "Gavri hajambo lakini?" alimuuliza Tejaram, sauti tamu kama halua.

"Hajambo kabisa! Meno tu ndiyo yanamhama."

Walirudi barabarani. Mahujaji walijaa barabara nzima, Bulakidas akawa anaendesha polepole kama anayesindikiza harusi. Mwanamke mmoja alikuwa amembeba mtoto mgongoni na farasi wa kitambaa kichwani. Kundi la Waislamu kutoka Barmer lilipita likimwita mtakatifu kwa jina lao, Ramsa Pir, na wale wa bendera wakawaitikia kwa jina lao. Sugni aliwaangalia wote hao asiwaone.

"Gavri ni nani?" alisema mwishowe.

"Utamwona mwenyewe."

"Ni mke?"

Bulakidas alikanyaga breki, ng'ombe wa nyuma yao akagonga gari kwa pembe. "Mke? Sugni!" Kwa desturi yao, hakuwa amelitamka jina lake mchana kweupe tangu wafunge ndoa. "Gavri ana wajukuu!"

"Hata mimi ninao."

Aliwasha tena gari. Lakini Sugni aliona masikio yake yamekuwa mekundu, na kwa sababu asiyoijua hasira ikampungua kidogo, udadisi ukapanda juu yake tena.

Ramdevra ilikuwa imefurika watu. Walisukumwa mpaka kaburini mwa mtakatifu, wakaweka nazi na maua, wakatemwa nje upande wa pili. Bulakidas akamshika mkewe kwenye kiwiko, jambo ambalo hakulifanya hata mtaani kwao, akampitisha katikati ya mabanda ya bangili na ya mikate ya kukaangwa, mpaka nyuma karibu na ziwa, penye hema la magunia yaliyoshonwa. Watu kama kumi walikuwa wameketi chini.

"Kurja kaja!" mmoja alipiga ukelele, na hema zima likainuka.

Walimgusa miguu, wakamkumbatia, wakamvuta masharubu kweli. Bulakidas, yule wa "ina ukuta", alikuwa anacheka mpaka mabega yanatikisika. Sugni alisimama mlangoni akimwangalia kama mtu aliyeingia nyumba ya jirani kwa makosa akakuta mumewe ndiye mwenye nyumba.

Mwanamke mmoja mrefu, mweusi, mkono mzima umejaa bangili nyeupe na matoazi yamefungwa miguuni, alimjia. Kweli, meno ya mbele yalikuwa yamehama.

"Wewe ndiye mama Hansa," alisema. "Hatimaye. Mimi Gavri. Vipi goti lako la kushoto? Na radi, bado unajificha chini ya kitanda?"

Sugni alishika goti lake. "Nani kakwambia?"

"Nani mwingine? Akikaa hapa hana hadithi ila ya nyumbani. Mama Hansa kasema hivi, mama Hansa kauliza vile. Tunakujua kuliko unavyojijua."

Sugni hakujua acheke au alie. Kabla hajaamua, mtu alimpa Bulakidas kinanda cha nyuzi tano, naye akaketi, akakiegemeza begani, akafumba macho. Wanawake wakakunja miguu yenye matoazi. Akaimba.

Ilikuwa ile sauti ya ngome, safari hii haijifichi. Ilianza chini, nzito, yenye mikwaruzo ya mtu aliyevuta vumbi la barabara maisha yake yote, kisha ikapanda bila kuomba ruhusa. Aliimba habari za mtakatifu mwana wa mfalme aliyeketi na waliokataliwa, akala nao. Matoazi yalimjibu kila mstari. Mahujaji waliokuwa wakipita walisimama, wengine wakaketi mchangani na mizigo yao kichwani. Bibi mmoja karibu na Sugni alikuwa analia bila kujifuta.

"Huyu ni nani?" yule bibi aliuliza.

"Ni mume wangu," alisema Sugni, na ikawa kama anajiambia mwenyewe.

Wimbo ulipokwisha chakula kikaletwa: mikate minene ya uwele, vitunguu, mchuzi wa maziwa ya mgando. Kila mtu alichukua. Gavri alifika mbele ya Sugni na sahani mkononi, akasita. Wote wakaacha kula.

Hapo Sugni akaelewa. Hawa walikuwa Wameghwal, watu wa tabaka lililotengwa, ambao Narsingdas asingekunywa maji kutoka kwenye chungu chao hata kama anakufa kwa kiu. Alimgeukia mumewe.

Bulakidas alikuwa ameshusha macho. "Basi la mahujaji lilikuwa linangoja hapa kutwa nzima," alisema polepole. "Nilikuwa kijana, nina njaa. Mama yake Gavri akanipa mkate. Baadaye wakaanza kuimba, nami nikaimba. Mwaka wa pili nikarudi, na wa tatu. Baba angejua, tungelala nje, mimi na wewe na mtoto."

"Baba yako amekufa zamani."

"Najua."

"Na mimi je? Ulidhani nami ningekufukuza?"

"Sikudhani."

"Ila?"

"Sikuwahi kukuuliza."

"Ndiyo shida yako, baba Hansa. Huulizi. Sauti hii nimenyimwa mimi, wamepewa wapita njia."

Sugni alifuta uso kwa ncha ya kitambaa, akanyoosha mkono, akaichukua sahani kwa Gavri. Mkate ulikuwa wa moto. Alimega, akachovya, akatafuna huku kila mtu akimwangalia taya.

"Chumvi kidogo," alisema.

Gavri alicheka mpaka matoazi ya miguuni yakalia. "Nilimwambia! Nilimwambia wewe lazima utatoa kasoro!"

Kesho yake walipoondoka kuelekea Jaisalmer, Gavri alikuwa kiti cha nyuma, kwa kuwa binti yake ameolewa kijiji cha njiani. Sugni alikaa amegeuka nyuma safari nzima, shingo ikamuuma. Hayo matoazi hufungwaje yasianguke? Nani alikufundisha? Mama yako, alikuwa anaimba sauti gani? Pokaran waliingia ngomeni wote watatu, na Gavri akasema hajawahi kupita lango lile, kwa sababu enzi za bibi yake watu wao walipita nje kwa kuzunguka. Sugni akamshika mkono wakaingia pamoja, wakaguswa na ubaridi wa mawe. Jaisalmer aliiona kwa mbali, ya dhahabu, na nguo za watu zimeanikwa juu yake. Lakini alipoulizwa baadaye na binti yake, aliisimulia kwa ufupi sana, akarudia habari za hema.

Waliporudi Bikaner, Narsingdas alipewa taarifa na Sugni mwenyewe. Alifunika uso kama ilivyo heshima mbele ya kaka wa mume, lakini maneno hakuyafunika. "Shemeji, nimekula kwao. Mdogo wako anakula kwao tangu ujana wake. Na wanakuja hapa majira ya baridi." Narsingdas alinawa mikono mbele yao bila sababu, akaondoka. Hakukanyaga nyumba ile mpaka mwaka ukageuka, na aliporudi alikaa barazani, hakukubali hata maji.

Majira ya baridi yalipofika, Gavri alikuja na wenzake wawili. Majirani wengine walifunga madirisha. Wengine walileta watoto wao, wakaketi kwenye ngazi. Bulakidas aliimba uani kwake kwa mara ya kwanza, mwanzoni kwa aibu ya bwana harusi, akikosea na kurudia. Sugni alikuwa jikoni anachambua dengu. Ulipofika ubeti wa tatu, wa dada wa kulea wa mtakatifu, binti wa Wameghwal, alitoka na ungo wake mkononi, akawasimamisha wote.

"Hapo hapo. Huyo dada wa mtakatifu anayeimbwa, alizaliwa wapi? Na kwa nini aliingia kaburini kabla ya mtakatifu mwenyewe?"

Bulakidas alimtazama Gavri. Gavri akasogea, akampisha Sugni mkekani, akaanza kumweleza.