Mashahidi Kumi na Mmoja wa Neno Smerd

Jumanne ya pili ya Oktoba 1974, saa tano kasorobo asubuhi, Ludomira Gawęda alivuta droo ya herufi SM katika chumba cha kadi cha Taasisi ya Kamusi, mjini Lublin, na ghorofa nzima ikanuka. Wenzake waliendelea kunywa chai. Kadi za Taasisi zilikuwa na desturi ya kutoa harufu ya maana zake. Droo ya asali ilijaa nyuki kila Mei, na droo ya maiti ilifunguliwa kwa idhini ya maandishi tu.

Neno lililokuwa zamu yake wiki hiyo lilikuwa smrad, yaani uvundo. Ni mali ya Waslavi wote, na kila taifa limelifuga kwa namna yake. Warusi wametoa humo jina la tunda dogo jeusi la kichakani, kwa ajili ya ukali wa majani yake, hivyo kadi yao ilinukia vizuri na makarani waligombania kuiweka karibu na glasi zao za chai. Wacheki humwita hivyo mtoto mtukutu. Kadi yao ilinuka soksi. Waserbia humwita hivyo mtu asiye na utu, na kadi yao ilinuka mafuta ya nywele ya bei ghali.

Chini ya hizo ililala kadi ya smerd, neno la kale lililozaliwa na mama huyohuyo. Hiyo ilinuka kama panya aliyefia ndani ya buti, buti likasahauliwa ndani ya pipa la kabichi, na pipa likaachwa juani mpaka mfuniko ukainuka wenyewe. Juu yake palikuwa na mwandiko mzuri wa Profesa Teofil Zaremba, mhariri mkuu: “1. Mkulima mdogo wa enzi za watawala wa kale. 2. Mtu duni, mchafu. Kutokana na uvundo wake.”

Alhamisi walifika wakulima wenyewe, kumi na mmoja, waliokufa miaka mia nane iliyopita au zaidi kidogo. Walifuta miguu mlangoni. Mzee wa chumba cha makoti aliwaambia kwamba hakuna anayepanda ngazi za Taasisi na koti lake, awe hai au asiwe, basi wakavua ngozi zao za kondoo na kupewa vibati vya namba. Kisha wakakaa kwenye benchi la ukumbini, chini ya bango lililosema kwamba mkulima ni fahari ya taifa.

Msemaji wao alikuwa mjane aitwaye Dobroniega, mwanamke mfupi mwenye viganja kama majembe. Alimweleza Ludomira kwamba wamesikia kamusi itapelekwa kiwanda cha uchapaji mwishoni mwa Novemba, na ikishachapwa haitachapwa tena kwa miaka mia. Walitaka sentensi moja irekebishwe.

“Lile neno tulipewa, binti yangu,” alisema. “Hatukuzaliwa nalo.”

“Nani aliwapa, bibi?”

“Karani wa mtawala. Alikuja kuhesabu mizinga ya nyuki, akatukuta tunabeba samadi. Akaziba pua kwa vidole viwili, na kwa mkono wa pili akaandika.”

Ludomira akasema samadi hunuka kweli.

“Hunuka sana,” alikubali Dobroniega. “Ilikuwa ya farasi wa bwana wake. Sisi wakati huo hatukuwa na hata mbuzi.”

Ludomira hakuhitaji kuelezwa zaidi. Baba yake alifuga nguruwe, na katika bweni la wasichana alikosomea, kitanda chake kiliwekwa chini ya dirisha lililokatazwa kufungwa, Januari na Februari. Wasichana walilitumia neno hilohilo, na walilitamka vizuri sana. Akamwahidi mjane kwamba sentensi itarekebishwa.

Akaandika ushuhuda wao kwenye kadi kumi na moja. Zilinuka farasi walioshiba. Lakini kila kadi ya Taasisi ina nafasi tatu za lazima, mwandishi, ukurasa na mwaka, na bila hizo hakuna kinachoingia kwenye kamusi. Penye mwandishi akaandika “kinywa cha Dobroniega”, na penye ukurasa na penye mwaka akachora vistari.

Profesa Zaremba alizisoma huku akila samaki wa chumvi na vitunguu, akijifuta vidole kwenye ukingo wa pazia.

“Bi Ludomira, kinywa hakina ukurasa.”

“Lakini shahidi yuko pale kwenye benchi, Bwana Profesa. Ni hatua kumi. Ungemuuliza.”

“Shahidi haulizwi. Shahidi husomwa. Hawa watu wako waliandika nini?”

Ludomira akajibu kwamba hawakufundishwa kuandika. Profesa akasema basi huo ni uzembe wa miaka mia nane, na yeye hana mamlaka ya kuufidia. Akaongeza kwamba tangu wafike ofisi haikaliki kwa harufu, na kwamba ameiandikia Kamati ya Afya.

Kamati ilikuja, yaani Daktari Kosiorek na mpira wake wa kupimia mapigo. Akawapanga wakulima ukumbini na kuwanusa mmoja mmoja: shingo, kwapa, katikati ya vidole vya miguu. Aliwataka wanawake wainue mikono juu zaidi. Profesa alisimama pembeni na leso puani, akimwonyesha mahali ambapo pengine amesahau. Dobroniega alitazama dari muda wote. Daktari akaandika: moshi, bizari, udongo wenye mvua.

Kisha akaomba kadi isomwe kwa sauti. Alisoma Ludomira, hewa ikabaki kama ilivyokuwa. Akasoma Profesa. Alipofika kwenye maana ya pili, kinywani mwake ulitoka uvundo mzito wenye rangi ya usaha, ukateleza kwenye tai yake, ukapita juu ya meza na kuupukutisha mmea wa kwenye chungu, majani yote kwa mara moja. Karani mmoja alitapika ndani ya faili la viambishi. Daktari alisogea karibu, akachungulia nyuma ya meno, akamshukuru.

Ripoti ilikuja baada ya siku tatu, ikiwa na muhuri. Ukurasa wa nne ulisema: “Chanzo: kinywa cha mhariri, katika maana ya pili. Wakulima ni safi.” Ludomira aliupeleka mbio.

“Sasa kuna mwandishi, Bwana Profesa. Kuna ukurasa, na kuna mwaka.”

Profesa aliusoma mara mbili. Alisema ni ripoti nzuri, yenye lugha fasaha, ila ni ya usafi, si ya isimu. Akatia saini kuonyesha ameiona, akaagiza zinunuliwe peremende za minti za kutosha, na akaendelea na kazi.

Siku ya kupeleka kurasa kiwandani, Ludomira alikaa na kalamu, akaifuta “kutokana na uvundo wake” na kuandika pembeni: “kutokana na samadi ya farasi wa mtawala, waliyolazimishwa kuibeba.” Profesa aliziomba kurasa hizo kabla dereva hajaondoka. Aliurudisha uvundo mahali pake kwa penseli nyekundu, bila hasira. Jumatatu Ludomira alihamishiwa droo za viunganishi, ambavyo havinuki chochote.

Kitabu kilitoka Septemba iliyofuata. Wakulima walikuwa wamesubiri kwenye benchi mwaka mzima, na watumishi walizoea kuwaruka miguu. Dobroniega akamwomba Ludomira amsomee. Akasoma polepole, maana ya kwanza, kisha ya pili.

“Ni lile lile,” alisema Dobroniega.

“Ni lile lile, bibi. Nisamehe.”

Mjane akauliza kama nafaka ya mkate mweusi imeshapandwa, maana siku za kuipanda zinapita. Ludomira akasema hajui. Basi wakainuka wote kumi na mmoja, wakashuka kwenda kwenye mashamba ya nyuma ya kiwanda cha sukari, na kufikia jioni walikuwa wamelima na kupanda matatu.

Mwaka uliofuata, nafaka hiyo ilipovunwa, mkate ulikuwa mtamu kuliko miaka mingi. Profesa Zaremba aliula asubuhi na jioni, akausifia mbele ya wageni waliotoka Praha na Sofia kumpongeza kwa kamusi, akiwasogelea karibu sana alipoongea. Nao wakamshukuru, wakaomba kipande kingine.