Mpangaji wa Mama

Mama yangu hajawahi kunisikiliza maisha yake yote. Nilimwambia asipande ngazi kuzibua mfereji wa paa, akapanda. Nilimwambia apunguze chumvi, akanijibu kwamba yeye na chumvi wamejuana kabla sijazaliwa. Siku moja tu ndiyo alinisikiliza, na siku hiyo nilikuwa redioni.

Mimi ni mkuu wa urekebishaji katika magereza yetu. Kazi yangu ni kumwandaa mfungwa anayekaribia kutoka: awe na ufundi mkononi, apate wa kumpokea, asirudi tena. Siku hiyo nilizungumza mpaka mtangazaji akasahau kunikatiza. Nikasema mtu si kosa lake. Nikasema wapo watu ambao bodi iko tayari kuwaachia, lakini hawana hata mlango mmoja wa kubisha. "Kama una chumba," nikasema, "kifungue."

Jioni Mama akanipigia.

"Ninacho," akasema.

"Una nini tena?"

"Chumba. Kile cha uani. Niletee mmoja."

Nilicheka, yeye hakucheka. Mama ni mkunga mstaafu, mjane, anaishi peke yake katika nyumba tuliyokulia. Amezoea kuwaambia watu wasukume, na wakasukuma. Kesho yake alikuja ofisini na mkoba wake, akaketi mbele ya msaidizi wangu bila hata kunichungulia, akaondoka amepangiwa mtu. Baadaye nikasikia ni nani. Alikuwa amepewa Sindano.

Sindano ni fundi cherehani wetu, mrefu, mwembamba, hana maneno. Yuko ndani mwaka wa kumi na tisa. Ndugu zake niliwafuata mimi mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, na wote walisema huyo kwao alishakufa. Bodi ilikuwa ikutane Alhamisi. Akiwa na pa kwenda, anatoka. Akikosa, anangoja mwaka mwingine, na mwaka uliopita alikosa vivyo hivyo. Siku ile alirudi karakana akashona suruali, akaifumua, akaishona, akaifumua, hakuna aliyethubutu kumwambia aache.

Kwa hiyo nilipaswa kufurahi. Nifurahi nini! Kesi yake naijua. Yeye na wenzake, vijana wadogo, waliingia nyumba ya watu kuiba, na mwenye nyumba, mzee aliyekuwa akiishi peke yake, hakupona.

Nilimweleza Mama yote, sikumficha hata chembe. Nia yangu ilikuwa aogope.

"Ulisema mtu si kosa lake," akasema.

"Mama, pale nilikuwa nazungumza na wananchi."

"Kwani mimi ni nani? Mkuki kwa nguruwe, siyo?"

Utaratibu wetu ni kwamba kabla ya bodi, mfungwa hupelekwa kwa saa chache mahali atakapoishi. Wenyeji wanamwona, naye anawaona. Ziara hizi huwa naziongoza kifua mbele. Jumatano ile nilikuwa sikai sisimami. Ndani ya gari niligeuka kumtazama Sindano kiti cha nyuma, nikageuka tena, mpaka askari aliyekuwa akiendesha akaniuliza, "Bosi, leo umekalia nini?" Nikamwambia aangalie barabara.

Tulipofika askari alibaki garini. Mama alikuwa ameacha mlango wazi. Sindano akasimama mbele yake, havuki kizingiti, mikono nyuma. Hivyo ndivyo wanavyokuwa wote. Mtu aliyefunguliwa milango miaka mingi hasogei mpaka aambiwe.

"Ingia basi," Mama akasema, "nzi wanakutangulia!"

Sindano akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Akamwamkia Mama, akaitikiwa, wakaenda uani kuangalia chumba. Kilikuwa na kitanda, meza na dirisha linalotazama kamba ya kuanikia nguo. Akauliza kwa sauti ndogo kama anaruhusiwa kusogeza kitanda karibu na dirisha.

"Chumba ni chako. Ukitaka kipandishe darini."

Nao wakaanza kusukuma kitanda, wawili hao, kama waliozoeana siku nyingi. Mimi nilisimama mlangoni nikiitazama mikono yake. Nilichukia kuitazama, lakini niliitazama. Tuliporudi sebuleni kunywa chai nilikaa, nikainuka, nikanyoosha pazia, nikaenda jikoni kuangalia visu viko wapi, nikarudi nikakaa.

"Wewe, tulia!" Mama akanifokea. "Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia."

Wakati huo Sindano aliinua macho juu ya kikombe chake akatazama kwenye ujia, kule ambako mlango wa chumba cha Mama ulikuwa wazi. Alitazama mara moja tu, kama mgeni yeyote anavyotazama nyumba ya watu. Lakini mimi niliinuka tena. Nikasema naenda kunawa mikono.

Sikunawa. Nilikwenda mpaka chumbani kwa Mama, nikavuta mlango, nikazungusha ufunguo polepole huku nimebana pumzi, nikautia mfukoni. Hata leo ukiniuliza nilikuwa nalinda nini sina jibu. Kama kumdhuru Mama, si alikuwa naye palepale sebuleni? Nilitaka tu kufunga kitu. Redio ilikuwa inaimba, nikajua hakuna aliyesikia.

Niliporudi, kiti cha Sindano kilikuwa kitupu. Alikuwa amechuchumaa sakafuni kando ya ukuta, mikono kichwani, uso chini. Mama ameinama anachungulia chini ya meza.

"Umeangusha nini, mwanangu? Kifungo? Ngoja nikusaidie kutafuta."

Mimi nilijua. Kule kwetu kufuli likilia jioni, kila mfungwa huchuchumaa mahali alipo ahesabiwe. Wanafanya hivyo kila siku, mpaka mwili hauulizi tena. Kile kimlio ambacho mimi mwenyewe sikukisikia vizuri, yeye alikuwa amekisikia kupitia ujia mzima na redio juu yake.

"Sindano, inuka," nikasema.

Akainuka mara moja, na hilo likaniuma zaidi, maana aliinuka kwa amri. Kisha akayashusha macho kutoka usoni pangu mpaka kwenye mkono wangu, ambao bado ulikuwa mfukoni. Mama naye akautazama. Akaenda kwenye ujia bila haraka. Tulisikia akikijaribu kitasa, halafu akikijaribu tena. Akarudi akaninyooshea kiganja.

"Lete."

Nikampa.

"Mtoto niliyemzaa mimi!" akasema. "Mgeni yupo mezani pangu! Mtake radhi."

Kabla sijafungua mdomo Sindano akasema, "Usimgombeze, mama. Anakupenda." Akakisogeza kikombe katikati ya meza kisije kikaanguka. "Lakini mimi hapa sitaweza. Kule wananifungia nikiwatazama, najua moja. Nashukuru sana kwa chai." Akanigeukia. "Tunaweza kurudi, bosi?"

Mama alikaa chini akalia, waziwazi, bila kujifuta. Mara ya mwisho nilimwona hivyo tulipomzika baba.

Garini nilihamia kiti cha nyuma. Miaka yote nimezipigia familia magoti zimpokee mtu. Siku ile nilimpigia mtu magoti aipokee familia yangu.

"Nisamehe," nikamwambia. "Niliogopa. Yule ni mama yangu."

"Hata yule mzee alikuwa baba wa watu," akasema, akitazama dirishani. "Kuogopa sikulaumu. Mimi mwenyewe najiogopa nikikumbuka."

"Sasa unanilaumu kwa lipi?"

"Ulirudi unatabasamu."

Ni kweli, nilikuwa nimerudi natabasamu. Askari akaongeza sauti ya redio, na mimi sikumkataza.

Usiku ukapita. Asubuhi nilisimama mbele ya bodi nikaeleza ziara nzima, ufunguo na yote. Mwenyekiti alivua miwani akanitazama. Nilikuwa nasubiri aseme kwamba shauri limeahirishwa mpaka mwakani. Ndipo mlango wa nyuma ukafunguliwa, nikamwona Mama anaingia na mkoba wake na kile kitenge chake cha harusi, akaketi mstari wa mwisho bila kunitazama. Nikaambiwa baadaye kwamba alikuwa getini tangu jua halijachomoza, akaomba kumwona Sindano, na askari walipomwambia si saa za wageni akawauliza mmoja mmoja nani alimzalisha mama yake.

"Kijana," mwenyekiti akasema, "umesikia maelezo. Una pa kwenda au huna?"

Sindano alisimama.

"Jana nilisema siendi, mheshimiwa. Leo huyu mama amekuja akaniuliza kama namwogopa yeye. Nikasema hapana. Akaniambia, 'Basi yule mwingine ana kwake.'"

Wajumbe wakacheka. Mimi sikucheka.

"Kwa hiyo utakwenda?"

"Nitakwenda. Ila naomba sharti."

"Masharti anaweka mwenyekiti, si wewe."

"Ndiyo, mheshimiwa. Ndiyo maana naomba uliweke wewe. Bosi akitaka kuja pale, apige simu kwanza. Akiruhusiwa, aje."

Nilizaliwa katika nyumba ile, kwenye kitanda cha Mama mwenyewe. Nikageuka nyuma kumtafuta anitetee. Mama alikuwa anaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayekubaliana na bei.

"Mkuu," mwenyekiti akaniambia, "unalikubali?"

Nilitamani kusema kwamba mimi ndiye ninayewawekea watu masharti.

"Nalikubali," nikasema.

Sindano alitoka Ijumaa. Nilikaa na simu mkononi Jumamosi nzima, naishika, naiweka. Jumapili mchana nikapiga. Mama alipokea, akanijulia hali kama anavyomjulia hali mtu wa benki, nikamwambia ningependa kupita jioni kuwasalimu.

"Subiri," akasema.

Nikasikia amefunika simu kwa kiganja. Nikamsikia kwa mbali anauliza, "Anataka kuja. Aje?"

Nikasimama katikati ya sebule yangu, nasubiri kuambiwa kama naruhusiwa kwenda kwetu.