Gia ya Pili Penye Kona ya Mianzi

Kwa miaka kumi na saba lori la Bu Warsini, mama aliyeniajiri, lilikuwa na mwanamume mmoja tu, na huyo nilikuwa mimi. Wengine walijaribu. Walipanda, wakasukuma mkono wa gia hadi mishipa ya shingo ikawatoka, na gia ya pili ikawakatalia. Wakashuka wamenuna. Mimi nikipanda navua kandambili, nagonga usukani kwa vidole mara tatu, nakanyaga klachi mara mbili, kisha naisukuma gia kwa bega zima. Inalia krrr, halafu inaingia.

Kila Ijumaa Kliwon, Ijumaa yetu ya baraka inayorudi kila siku thelathini na tano, nililiwekea maua kwenye dashibodi: waridi, asumini na langilangi. Mke wangu Tumirah alisema tangu tuoane sijamletea yeye hata jani. Ni kweli. Lakini Tumirah hajawahi kunigomea gia nikiwa na tani tano za mchanga mgongoni, nashuka kutoka mtoni, mlimani Merapi.

Kona ya mianzi iko juu kidogo ya nyumba yetu. Ukishuka na mzigo lazima hapo upangue gia kutoka ya tatu kwenda ya pili, la sivyo breki zinaungua, na mbele ya kona ni makaburini. Tumirah akisikia krrr anaweka maji motoni. Nikifika langoni kuyamwagia magurudumu maji yapoe, nakuta kahawa yangu tayari, kwenye glasi yangu yenye kifuniko cha bati. Majirani nao walizoea. Gia ya Sarju ikilia, wanajua ni saa nne.

Halafu bega la kushoto likaniangusha. Asubuhi moja nilishindwa hata kuinua sahani ya wali. Mkandaji alilibonyeza, akatikisa kichwa, akasema wiki tano nisiguse gia. Bu Warsini akampa lori Giyanto, mume wa mpwa wake, mtu wa pwani aliyekuwa akiendesha mabasi.

Siku ya kwanza nilikaa barazani kusikiliza, nikiomba ashindwe. Saa nne kasoro, penye kona, gia ikalia krrr, ikanyamaza, ikalia tena krrr. Nilitabasamu peke yangu. Ndipo nikamwona Tumirah anainuka kwenda jikoni.

"Unachemsha maji ya nani?" nikamwuliza.

Akasimama, akafikiri. "Sijui. Gia imelia, nimeinuka."

"Gia si yangu leo."

"Maji nimeshayaweka, Baba Ratmi. Niyamwage?"

Giyanto akasimamisha lori langoni, akayamwagia magurudumu maji, na mke wangu akampelekea kahawa. Kwenye glasi yangu. Akainywa amechuchumaa pale pale ninapochuchumaa mimi, akaisifu, akarudisha kifuniko bila kukigongesha. Roho iliniuma kuliko bega.

"Kang Sarju, gia ya pili ya hili lori ina laana," akasema, akiniita Kang kama kaka yake.

"Haina laana. Ina mwenyewe."

Akacheka. Mimi sikucheka. Wiki tatu nzima nilimeza wivu kila saa nne. Kitu kimoja tu kilinifariji: bado lilikuwa linamkatalia. Bu Warsini asingemwachia mtu ambaye lori halimtaki.

Wiki ya nne, Jumatatu, saa nne ikafika na kona ikawa kimya. Nikadhani mzigo umechelewa. Mara nikaliona lori hilo hapo langoni, limekuja polepole kama paka, na Tumirah anatoka mbio na mikono yenye unga.

"Umeshafika? Mbona sikusikia?"

"Ndiyo uzuri wake, Yu," akasema Giyanto, akimwita dada.

Nikashuka barazani na bega langu. "Umelifanyaje?"

"Jana niliingia chini, Kang. Bushi, ile pete inayokaza kiungo cha gia, imekwisha kabisa, hata harufu yake haipo. Nimekata kipande cha tairi nikatengeneza pete, nikatia grisi. Dakika ishirini." Akaniangalia kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonichoma. "Miaka yote hiyo ulikuwa unapigana na hewa."

Miaka kumi na saba, bega moja, na maua yasiyo na idadi. Sikuwahi kuingia chini ya sehemu ile hata siku moja. Nani anamchungulia mwenzake chini kwa sababu ni mkali? Unamzoea, unambembeleza, unajisifu kwamba anakukubali wewe tu. Jioni Bu Warsini akapita na kusema kwa furaha kwamba sasa hata shemeji yake mwenye jicho moja anaweza kuliendesha. Nikaitikia, "Alhamdulillahi." Usiku sikulala.

Ijumaa ile ya wiki ya tano ilikuwa Kliwon. Wanaume wote walikuwa msikitini, na lori lilikuwa uani kwa Bu Warsini. Mimi nilisingizia bega, nikaenda na spana namba kumi na nne. Nilivua kandambili, nikalala chali, nikafungua boliti kwa mkono mmoja. Pete ya tairi ikaniangukia kifuani. Nikaitia mfukoni, nikafunga boliti kama ilivyokuwa.

Wakati huo nilijiambia kwamba sidhuru mtu. Nalirudisha tu lori kwenye tabia yake. Makaburi hayakunijia akilini.

Jumamosi, saa nne kasoro, penye kona, gia ikalia. Tumirah akainuka. Gia ikalia tena, ndefu, halafu breki zikapiga kelele na mianzi ikavunjika. Nilisimama. Sijui nilihesabu pumzi ngapi kabla ya kuliona lori likiteremka taratibu, kioo cha kushoto hakipo, majani ya mianzi yamenasa kwenye bodi. Giyanto akashuka, midomo imemkauka. Tumirah akampa kahawa, naye akaishika glasi kwa mikono miwili.

"Gia imegoma," akasema. Alikuwa anaitazama mikono yangu.

Jumatatu Bu Warsini akaja mwenyewe. "Sarju, Giyanto anasema lori linakutaka wewe. Bega linasemaje?"

"Limepona," nikasema, na lilikuwa halijapona.

Giyanto alinikabidhi ufunguo uani. Pamoja na ufunguo alinitia mkononi kitu kingine, cheusi, chenye grisi. Ilikuwa pete ya tairi.

"Nilikata mbili, Kang. Tairi lilikuwa kubwa." Akasogea ili Bu Warsini asisikie. "Jumamosi nilipopanda nilikuta maua mabichi kwenye dashibodi. Langilangi, waridi na asumini. Nikadhani umekuja kuliaga tu. Nilipofika konani ndipo nilipoelewa."

Kweli niliyaweka. Ilikuwa Kliwon, na mkono ulijiendea wenyewe kabla hata sijashika spana. Nikaitia pete mfukoni. Giyanto alikuwa ameshageuka anaondoka, na hakumwambia mtu.

Basi nilipata nilichokuwa nakitaka. Nilipanda mtoni, nikapakia mchanga, nikaanza kushuka. Penye kona nikagonga usukani mara tatu, nikakanyaga klachi mara mbili, nikasukuma. Bega likapasuka kwa maumivu hadi machozi yakanitoka. Gia haikuingia. Nikasukuma tena, lori linaongeza mwendo, naiona mianzi iliyovunjika juzi na mawe meupe ya makaburi nyuma yake. Mara ya nne ikaingia, kwa kuwa nilikuwa nimejilaza juu yake kwa kifua. Nilifika kwenye sehemu tambarare, nikasimama, nikazima.

Nikachukua spana, nikatambaa chini. Nilifungua boliti, nikavalisha pete ile mpya, nikafunga. Dakika ishirini alisema yule. Kwa mkono mmoja ilinichukua arobaini. Kisha nikarudi usukani nikajaribu: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya pili. Iliingia kwa vidole viwili. Nilikaa pale nikalia kidogo, na sikulilia bega.

Nilifika langoni kimya. Hapakuwa na moshi jikoni. Tumirah alikuwa nyuma anamenya muhogo.

"Kahawa yangu iko wapi?"

"Ni wewe?" Akainua kichwa. "Gia ililia kitambo, hukufika, nikazima moto. Lori limekuja kimya. Nilidhani anayepita ni Giyanto."

Jioni hiyo nilimweleza Bu Warsini kila kitu, hata maua. Akaniuliza kama najua mpwa wake, mkewe Giyanto, ana mimba. Sikujua. Akasema lori sasa lina madereva wawili: mimi siku tatu, Giyanto siku tatu, na kioo nitakinunua mimi. Nikamshukuru kwa kuinama.

Siku zangu, nikifika penye kona, naachia klachi mapema kidogo, mara moja tu, kwa makusudi. Krrr. Si vizuri kwa giaboksi, najua. Lakini nikikunja kona naona moshi unapanda jikoni kwetu, nami natulia.

Juzi ilikuwa zamu ya Giyanto, nimekaa barazani. Saa nne kasoro, penye kona, gia ikalia: krrr, mara moja tu, fupi. Pete ilikuwa nzima, niliikagua mwenyewe Jumapili. Tumirah akaweka kisu chini, akaanza kuinuka.

"Kaa," nikamwambia. "Huyo namchemshia mimi."

Nikawasha moto, nikamimina kahawa, nikatia sukari vijiko vitatu kama anavyopenda, nikampelekea langoni kwa mkono wangu mbovu. Lakini nilimtilia kwenye kikombe cha wageni.