Jibu la Sala ya Mfalme

Jumapili ile ya mwezi wa saba baba yangu alikuwa na njia mbili, na zote mbili zilitisha. Amwombee Mfalme kanisani kama alivyoapa, watu wamvue nguo na kummwagia lami ya moto. Au amruke Mfalme katika sala, avunje kiapo alichokula mbele ya Mungu. Mimi nilitaka jambo moja tu: amruke. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mama yangu alikuwa kaburini, na huyo Mfalme sikuwahi kumwona hata kivuli chake.

Baba, Kasisi Roger Peet, alikuwa na kanisa dogo la mbao pale Harrow Hill, katika koloni la Connecticut. Nasema koloni kwa mazoea, maana wiki hiyo hiyo ndipo tulipoambiwa kwamba si koloni tena. Mpanda farasi alifika Jumanne na karatasi, ikasomwa uwanjani mbele ya jumba la mikutano: makoloni yote kumi na matatu yamejitoa mikononi mwa Mfalme, na kuanzia sasa ni nchi huru. Watu walifyatua bunduki hewani, wakavuta kengele mpaka kamba ikakatika. Baba alisimama pembeni, kofia mkononi, akasikiliza hadi neno la mwisho. Kisha akarudi nyumbani kulisha kuku.

Msinielewe vibaya. Sikuwa mtu wa Mfalme mimi. Barua ya malalamiko ilichukua miezi miwili kuvuka bahari na miezi miwili jibu kurudi, na likirudi linazungumzia jambo lililokwisha zamani. Walitutoza kodi ya karatasi, wakatutoza kodi ya chai, na hakuna hata mmoja wao aliyejua mto wetu unatiririkia upande gani. Shangazi Mehitabel, dada yake baba aliyenilea, aliacha chai miaka mitatu kabla kwa hasira tu. Alikunywa maji ya majani ya porini yenye ladha ya nyasi kavu, na akiulizwa alisema ni matamu kuliko chai. Miaka kumi tulinung'unika, mwaka mmoja tukapigana, na sasa tumejitoa. Kwa hiyo habari ile ya Jumanne ilinifurahisha, nikaona haya kufurahi, halafu hofu ikanishika ikafuta vyote viwili.

Shida ilikuwa kiapo. Huku kwetu hapakuwa na askofu hata mmoja, na kijana aliyetaka ukasisi ilimbidi avuke bahari mpaka London akawekewe mikono huko. Baba alikaa majini wiki saba. Mwenzake aliyesafiri naye alipata ndui, akazikwa huko huko. Baba akapiga magoti peke yake, akaweka mkono juu ya Maandiko, akaapa kuwa mwaminifu kwa Mfalme na kusoma sala kama zilivyoandikwa, bila kupunguza wala kuongeza. Alikilipia kiapo hicho bei kubwa, alipenda kusema, na kitu cha bei kubwa hakitupwi kwa sababu hali ya hewa imebadilika.

Na ibada yetu ni ya kupokezana. Kasisi anasema mstari, watu wanajibu mstari. Akisema, "Bwana, mlinde Mfalme," watu wanajibu, "Utusikie, Bwana, tunapokuita." Hatuyasomi maneno hayo, yamo vinywani. Kwangu mimi yalikuwamo zaidi ya kwa wengine. Mama alipokufa nikiwa na miaka minne, baba alinifanya mjibu wake wa nyumbani. Kila asubuhi jikoni, kabla ya uji wa mahindi, alisimama karibu na moto na mimi nikasimama juu ya kigoda, tukapokezana sala nzima sisi wawili. Miaka kumi na mitano hatukuruka asubuhi hata moja. Nilijibu huku nasuka nywele, nilijibu huku uji unafurika, na nilijibu nikiwa na homa, sijui hata niko wapi. Hata Jumatano ile, siku moja baada ya karatasi kusomwa, alimwombea Mfalme jikoni na mimi nikajibu, madirisha yamefungwa na jasho linanitoka.

Alhamisi akaja Kapteni Eliphalet Stiles, mkuu wa wanamgambo wa pale kijijini. Alikuja kwa adabu, akavua kofia, akapokea kikombe cha pombe ya tufaha. Sikupenda adabu ile. Mama yake alikuwa muumini wetu, na yeye mwenyewe alikaa kwenye mabenchi yetu mpaka alipooa, akahamia kanisa la mkewe lile kubwa la uwanjani. Alizungumza kwanza habari za nyasi, zimekauka mapema mwaka huu. Kisha akaweka kikombe chini.

"Kasisi, mimi na wewe hatuna ugomvi," alisema. "Hubiri utakavyo. Ukitaka kutusema, tuseme. Lakini Jumapili Mfalme asiombewe. Vijana wangu watakuwa pale mlangoni."

"Na akiombewa?"

Kapteni alitazama kikombe chake. "Usinifanye nijibu hilo mbele ya binti yako."

Hakuwa na haja ya kujibu. Kijiji cha jirani walikuwa wamemshika mfanyabiashara mmoja mzee aliyesema ovyo dukani mwake. Walimmwagia lami, wakapasua mto wa manyoya juu yake, wakamzungusha juu ya gogo. Mkewe alipoibandua lami ile, ngozi ilikuja nayo. Nilimwona mzee huyo majira ya kuchipua, na tangu hapo mkono wangu ulikuwa unajikuna wenyewe nikimkumbuka.

Ijumaa pipa la lami lilionekana nje kwa mhunzi. Mhunzi alisema ni la kulainisha ekseli za mikokoteni, na kwa kweli kila mwaka alikuwa na pipa kama hilo. Lakini mimi nilipita pale mara tatu siku hiyo bila safari ya maana. Jumamosi mke wa Kapteni akaanika mito yake uani, akaipiga kwa fimbo. Shangazi alisimama dirishani mpaka mkate ukaungua.

"Mito minne," aliniambia. "Nyumba ya watu watatu, Keziah. Mto wa nne ni wa nani?"

"Labda wa mgeni, Shangazi."

"Mgeni gani? Yule mwanamke hajawahi kumkaribisha hata paka."

Alasiri nikamfuata baba kanisani, ambako alikuwa anafagia mwenyewe kama kila Jumamosi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya busara, yote yakanipotea. Nikamwuliza kwa nini asifunge tu kanisa, wenzake wengine wamefunga. Akasema kufunga ni kuwanyima watu Mungu kwa sababu yeye anaogopa. Nikamwambia basi aruke mstari mmoja, mmoja tu, Mungu hana haja ya kukumbushwa Mfalme yuko wapi. Akaendelea kufagia. Hapo nikapiga magoti juu ya vumbi lile alilokuwa analikusanya.

"Mfalme ana maaskari wangapi wa kumlinda, Baba?" nilimwambia. "Mimi nina wewe."

Aliacha kufagia. Akaniinua kwa kiwiko na kunikung'uta sketi. Chakula cha jioni hakukigusa.

Shangazi hakumngoja aamue. Alizunguka nyumba za waumini na kuwaambia kila mmoja: ikifika sala ya Mfalme, akisema au asiposema, fungeni midomo. Mkijibu mmekuwa mashahidi dhidi yake. Wote waliahidi. Mimi hakuniambia, maana ni nani angefikiri kunionya mimi?

Jumapili walikuja watu ishirini na kitu, mahali pa watu themanini. Vijana sita walisimama nyuma na bunduki zao, nao walikuwa waumini wa lile kanisa la uwanjani, hawajui ibada yetu hata kidogo. Mmoja alicheka tulipopiga magoti. Kapteni peke yake alisogea hadi katikati, akasimama penye njia, macho yake kwenye midomo ya baba. Mimi nilikuwa benchi la mbele na Shangazi.

Baba alianza. Sauti yake ilikuwa ile ile ya jikoni, wala haikutetemeka. Zaburi ikapita. Masomo yakapita. Kila mstari uliopita ulitusogeza, nami nikawa namhesabia baba mistari iliyobaki, sita, mitano, minne. Tukafika kwenye zile sala fupi. Alisema mstari wa kwanza, tukajibu. Akainua macho kutoka kitabuni na kunitazama, mimi na si mwingine, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayeweka chini mzigo asiotaka kuuweka. Kisha akanyamaza.

Alikuwa ameruka. Alikuwa ameruka kwa ajili yangu. Furaha ilinipanda mpaka nikafumba macho. Lakini yule mzee, Mungu amrehemu, hakujua kuruka. Hakwenda kwenye mstari uliofuata mara moja, kama mtu mwingine angefanya. Aliacha nafasi ya urefu ule ule wa mstari wenyewe, bila kupungua wala kuzidi, pumzi kwa pumzi. Nafasi ikaisha, ikafika zamu yangu, na mimi nimefumba macho kama jikoni.

"Utusikie, Bwana, tunapokuita," nilisema.

Kwa sauti safi. Peke yangu. Midomo yote ishirini ilikuwa imefungwa kama walivyoahidi.

Wale vijana sita hawakushtuka, kwao yalikuwa maneno ya dini tu. Laiti Kapteni naye angekuwa mtu wa kuja. Lakini alikuwa amekulia juu ya mabenchi yale, na alijua jibu lile ni la sala gani. Niliona shingo yake ikiwa nyekundu. Angeweza kunyamaza. Nadhani alitaka kunyamaza. Ila mmoja wa vijana alikuwa ameuona uso wake, akauliza kwa nguvu kulikoni, amesema nini huyo msichana.

"Keziah Peet," Kapteni aliniita, "umemjibu nani?"

Kijana mwingine alishasogea, bunduki mkononi, akisema kama binti ndiye anayemwombea Mfalme basi lami haichagui sketi. Ndipo baba akafunga kitabu. Katika maisha yangu sikuwahi kumwona akikifunga ibada ikiwa haijaisha.

"Amenijibu mimi," alisema. "Nimemwombea Mfalme kwa sauti ya chini. Yeye yuko karibu, amesikia."

Nilisimama niseme si kweli. Shangazi alinishika mkono akanizamishia kucha mpaka damu ikatoka, akanivuta chini. Kapteni alikuwa ameitazama midomo ya baba tangu mwanzo bila kupepesa. Alijua haikufunguka.

"Kasisi," alisema polepole, "una hakika? Fikiri kwanza."

"Nina hakika."

Akamwuliza mara ya pili, na baba akamjibu vile vile. Kapteni alikuwa anamfungulia mlango akane, lakini akikana hatia ingebaki kwangu, na baba alikataa kuupita.

Lami haikuguswa siku hiyo, nalisema hilo kwa kumtendea haki Kapteni. Aliwaambia vijana wake kwamba kasisi ni wa kushtakiwa kisheria, nchi huru ina sheria, akampeleka mwenyewe kwa mkokoteni wake hadi jela ya wilaya kabla hawajapata muda wa kubishana. Wiki kumi na moja zikapita ndipo nikaruhusiwa kumwona. Nilimpelekea maharage na mkate wa mahindi. Alikuwa amekonda, ndevu zimemtoka nyeupe, na mlinzi alisimama karibu kiasi cha kuusikia hata mkate ukimegwa.

Nililia kwanza. Kisha nikamwuliza lile lililokuwa likinitafuna: je, alimwombea kweli, moyoni? Nilitaka aseme ndiyo. Angesema ndiyo, basi kiapo chake kingekuwa kizima na mimi ningekuwa nimejibu sala ya kweli.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Nilinyamaza mpaka ndani. Nilikuwa nimekuchagua wewe."

"Basi umedanganya kanisani. Umevunja kiapo, na juu yake umedanganya."

"Vyote viwili." Alimega mkate, akanipa nusu kama nyumbani. "Na nalala vizuri, Keziah, ajabu yake ndiyo hiyo. Usiwaambie maaskofu."

Alikufa mwezi wa kumi na mbili kwa homa ya jela. Vita vikaendelea miaka mingine mingi, tukashinda, Mfalme akatuachia, na leo sisi ni taifa lenye bendera na rais na maaskofu wetu wenyewe, hakuna kijana anayevuka bahari kwenda kuapa. Ni nchi nzuri. Naipenda, na siku nyingine siwezi kusikia kengele yake ikilia bila kuondoka nyumbani na kwenda kukaa bandani kwa kuku.

Kanisani bado naenda. Sala zimebadilishwa, tunamwombea rais sasa, na kasisi wetu mpya ni kijana mwenye sauti nzuri. Ila mimi sijibu pamoja na wenzangu. Nangoja aseme, nihakikishe amesema, nangoja wote wajibu, kisha ndipo najibu peke yangu, nyuma yao. Watoto hucheka. Kasisi huyo ameanza kunipazia sauti kwa huruma, maana ameambiwa mimi ni kiziwi.