Mistari Mitatu kwa Siku

Mwaka wa arubaini na tatu, vita vikali vikiendelea na sukari ikitolewa kwa mgao, Mwanasaumu binti Mwinyihaji wa mtaa wa Shika Adabu, Likoni, alifiwa na mwanawe wa pekee. Mtoto aliitwa Mwanakombo, miaka saba. Jumatatu Mwanasaumu alivuka kwenda mjini kumuuguza shangazi yake, akamwacha mwana mzima, anaruka kamba uani. Jumanne homa ikamshika. Jumatano kivuko kikazuiwa kutwa nzima kupisha manowari, na adhuhuri ya siku hiyo mtoto akafariki. Mama alipowasili Alhamisi asubuhi, kaburi lilikuwa limekwisha kufukiwa tangu jana yake.

Mumewe, Boga, alikuwa seremala, na kazi yake akiifanyia pale pale nyumbani. Yeye ndiye aliyekuwa na mtoto. Alimwambia mkewe kwamba Mwanakombo alilala usingizi, hakuteseka, wala hakumtaja mtu. Tangu hapo jambo hilo halikuzungumzwa tena baina yao.

Babake Mwanasaumu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na alimfundisha bintiye kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tangu udogo wake. Likoni nzima, mwenye arusi au mwenye barua ya kupeleka Vanga alikuja kwake aandikiwe. Baada ya msiba alikifunika kidau cha wino, na miezi minane ikapita hajakigusa.

Dhahabu, mshona kofia aliyesoma naye chuo kimoja, alimwonea huruma lakini hakumbembeleza. Alimjia siku moja pamoja na jirani yao Kahaso, msusi wa makuti aliyejifunza kusoma kwa wamisheni wa Kisauni, akatoa shauri lake. Washindane siku kumi. Kila mmoja aandike mistari mitatu kwa siku, isizidi, akimaliza chai ya asubuhi. Siku ya kumi wakutane wasomeane. Atakayeruka siku atoe kikombe kimoja cha sukari katika mgao wake. Kahaso aliuliza kama herufi zake za Kizungu zitakubaliwa. Dhahabu akamwambia hata akiandika kwa mkaa ukutani, kwake ni sawa.

Mwanasaumu alikubali ili waondoke. Siku ya kwanza aliandika, nyuma ya karatasi ya kufungia chumvi: "Kuku ametaga. Paa linavuja. Sina la kusema." Katika duru ile aliruka siku tatu, na sukari yake ikaenda kwa Kahaso. Duru ya pili akaruka moja. Kisha likamtokea jambo ambalo hakulitarajia: mkono ukaanza kuitafuta kalamu wenyewe, chai haijapoa. Hakuwa na raha, lakini asubuhi sasa ilikuwa na mlango wa kuingilia.

Duru ya tatu Dhahabu aliweka sharti jipya. Siku zote kumi waandike juu ya mtu mmoja tu, yule wanayechelea kumsahau. Mwanasaumu alikasirika, akasema hayo si mashindano, ni kutoneshana vidonda, na yeye haandiki.

"Basi usiandike," Dhahabu alimjibu. "Ila niambie, Mwanakombo alikuwa akicheka vipi?"

Mwanasaumu alitafuta moyoni kile kicheko, akakikosa. Aliinuka akaenda zake bila kuaga, na asubuhi yake akaanza kuandika.

Aliandika juu ya nywele zilizokataa kusukwa, juu ya mwana aliyekula maganda ya ukwaju, aliyemwogopa jogoo wa jirani. Siku ya saba akawa hana budi kuufikia mwisho. Boga alikuwa uani akipiga randa ubao wa kitanda. Yeye hakujua kusoma, herufi za aina yoyote. Alimwuliza mkewe anaandika nini kila siku, akamtaka amsomee.

Mwanasaumu akasoma: "Alilala usingizi, hakuteseka. Hakumtaja mtu. Mimi sikuwapo."

Boga aliiweka randa chini. "Hilo la kutomtaja mtu, lifute," alisema.

"Kwa nini?"

"Si kweli. Alikuita wewe. Tangu asubuhi hadi adhuhuri alikuwa akikuita, mpaka sauti ikamkauka."

Mwanasaumu hakulia. Alisimama na karatasi yake mkononi, akauliza swali moja. "Jumanne kivuko kilikuwa kikienda?"

"Kilikuwa kikienda," Boga alisema. "Nami sikumtuma mtu. Nilidhani homa ni homa tu, nikaona nisikusumbue. Wallahi, mke wangu, nilidhani itashuka."

Mwanasaumu alikwenda kukaa kwa Dhahabu. Siku ya nane hakuandika, wala ya tisa. Ya kumi Kahaso alikuja na karatasi zake, akasoma, na Dhahabu akasoma zake. Hakuna aliyetaja sukari. Mwanasaumu aliomba kalamu, akaandika mbele yao, kisha akasoma: "Mwanangu aliniita tangu asubuhi hadi adhuhuri. Babake alikuwapo. Mimi sikuwapo." Kahaso, aliyekwisha kuzika watoto wake wawili kule Ganze bila kuwasimulia watu, alijifunika uso kwa leso, akalia kwa niaba ya wote watatu.

Siku ya kumi na mbili Mwanasaumu alirudi kwake. Hakurudi kwa kuwa amesamehe. Alirudi kwa kuwa siku mbili za mwisho za mwanawe zilikuwa kwa Boga, na hazikuwa kwa mtu mwingine duniani. Alimwambia asimwombe radhi. Bali kila asubuhi, baada ya chai, amwambie jambo moja la mtoto, moja tu, naye ataliandika.

Boga alitii. Asubuhi ya kwanza alisema kwamba mtoto aliomba uji wa mtama, akauonja, akaukataa. Ya pili, kwamba alitaka alazwe karibu na mlango aione njia. Siku nyingine alisimulia kicheko chake, jinsi alivyokuwa akificha pengo kwa kiganja, na Mwanasaumu akakisikia. Yalipokwisha ya ugonjwa, Boga alirudi nyuma kwenye ya uzima, hata vitu vidogo vidogo ambavyo mama mtu hakuvijua.

Asubuhi ya arubaini na moja chai ilinywewa. Mwanasaumu alingoja.

"Yamekwisha," Boga alisema. "Nimetafuta tangu alfajiri. Sina jingine."

Mwanasaumu aliandika kwamba yamekwisha. Akaandika kwamba babake Mwanakombo ametafuta tangu alfajiri. Mstari wa tatu ulimshinda, akauacha wazi, akaiweka kalamu. Uani mbao za kitanda cha watu zilikuwa zikingoja, lakini Boga hakwenda. Alibaki ameketi kando yake, akiitazama karatasi asiyoweza kuisoma.